Deki ya Jumanne

Gereji ya Mchora Ramani ilikuwa banda la mabati lililobanwa kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa jirani, lenye nafasi ya gari moja na mtu mmoja asiye na kitambi. Humo ndani lilikaa gari dogo la bluu, kuukuu, ambalo mkewe alilipachika jina la Mgonjwa. Mkewe alikuwa mkunga, na mambo ya wagonjwa aliyajua. Ukimuuliza mumewe yuko wapi siku ya Jumapili, anakujibu bila hata kutabasamu, "Yuko wodini."

Hilo jina la Mchora Ramani nalo halikuwa la utani mtupu. Miaka ishirini na miwili jamaa alikuwa akichora ramani za viwanja ofisini, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Alitembea na penseli sikioni hata siku za mapumziko. Ukimuuliza duka la mikate liko wapi, hasemi neno, anatafuta karatasi.

Sasa mwezi ule Mgonjwa alizidiwa. Alianza kwa kuchemka njiani, akaendelea kwa kutoa moshi mweupe nyuma, na siku Mchora Ramani alipofungua kifuniko cha oili alikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Maana yake gasketi imeungua, ule utando mwembamba unaokaa kati ya injini na kile kipande kizito cha juu wanachokiita hedi. Gasketi mpya unaipata dukani, unarudi nayo kwapani kama gazeti. Kuifikisha mahali pake ndiko kuna shughuli, kwa sababu ni lazima ufungue nusu ya injini, halafu, na hapa ndipo wanaume wazima hulia, uifunge tena.

Mwingine angetia bolti zote kwenye ndoo na kumwachia Mungu. Mchora Ramani alichukua chaki. Kila kipande alichokifungua alikilaza sakafuni pamoja na bolti zake, akakizungushia duara, akaandika jina lake, idadi ya bolti, na kila bolti inaingia tundu gani. Akaweka na mishale. Wiki tatu alifanya hivyo kila akitoka kazini, mpaka saruji yote ikajaa ramani ya injini, safi kuliko nyingi alizolipwa kuzichora. Mkewe alimshauri apige picha kwa simu. Akajibu, kwa maringo kidogo, kwamba picha inaonyesha kitu kilivyo, ramani inaonyesha kinakokwenda. Na pale kizingitini, ili mtu asije akaingia na fagio lake, aliandika kwa herufi zenye ukubwa wa kiatu: USIFUTE.

Hapo ndipo mama mkwe alipowasili.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Miaka thelathini na minane alishona sare za shule, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake. Hakuwa mtu mbaya, la hasha. Alimpenda binti yake kupita kiasi, na mkwe wake alimchukulia kama mtu anavyoichukulia mvua: ipo, tufanyeje. Akimtaja kwa watu alimwita "yule wa makaratasi." Miaka kumi na mitatu ya ndoa Mchora Ramani alikuwa akisubiri asikie neno moja jema kutoka kwake, na hakuona aibu kulisubiri.

Safari hii alikuja kwa ajili ya macho. Jumapili, sahani zilipokwisha kuondolewa mezani, binti yake alifungua mazungumzo.

"Mama, Alhamisi saa mbili asubuhi tunatakiwa hospitali. Miezi saba tumesubiri nafasi hiyo."

"Macho yangu hayana neno," alisema mama mkwe. "Ukungu kidogo tu."

"Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Daktari mwenyewe ana umri gani? Kijana yule! Vijana wanapenda kukata."

Wakabishana weee, mpaka chai ikapoa. Mwisho mama mkwe akaweka kikombe chini, akajipangusa midomo, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata njia ya kutokea:

"Haya. Nitakwenda. Lakini sipandi gari la kukodi, wala basi, wala pikipiki. Nitakwenda na gari la mkwe wangu, alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Siyo aite fundi! Alhamisi likiwaka, nimekwenda nikakatwe. Lisipowaka, Ijumaa narudi kwangu, na mtu asinitajie macho tena mpaka nife."

Mchora Ramani alipaliwa na chai. Mama mkwe alikuwa ameshapita gereji, ameshika mbavu za injini kwa mkono, na alijua fika gari lile liko katika hali gani.

"Tumekubaliana," mkewe akasema, akampa mama yake mkono.

Jikoni alimgeukia mumewe. "Umesikia? Usiniangushe."

"Mke wangu, injini iko sakafuni."

"Basi ipandishe."

Jumatatu jioni mambo yalikuwa yanaelekea vizuri. Gasketi mpya ilikaa, hedi ikarudi juu yake, na zile bolti zake kumi, ambazo zote zinafanana, zikakazwa kwa mpangilio na kwa kipimo. Zilibaki bolti thelathini na nne za vipande vingine: pampu ya maji, kifuniko cha mbele, vishikio na mabomba. Hizo ndizo zenye fitina. Ukizitazama ni ndugu wa tumbo moja, lakini hii imeizidi ile kwa upana wa ukucha. Ukiingiza ndefu kwenye tundu fupi, unapasua injini. Ukiingiza fupi kwenye tundu refu, linavuja. Lakini Mchora Ramani hakuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu ramani ilikuwa pale chini imetulia. Alilala usingizi wa pono.

Jumanne saa tisa alasiri alirudi kutoka ofisini akipiga mluzi. Alipokaribia gereji, mluzi ukakatika. Kulikuwa na harufu ya sabuni.

Sakafu ilikuwa inang'aa. Ungeweza kulaza mtoto mchanga pale bila kutandika kitu. Spana zilikuwa zimeoshwa na kutungwa kwenye kamba ya nguo, zinachuruzika maji. Juu ya rafu yalipangwa makopo matano ya maziwa, na ndani yake bolti zake zote thelathini na nne zimetenganishwa kwa unene: nene peke yake, nyembamba peke yake, za katikati peke yake, wosha, zile pete za kuwekwa chini ya bolti, kwenye kopo la nne, na zenye kutu kwenye la tano. Vipande vya injini vilikuwa vimeegeshwa ukutani kwa adabu, kikubwa nyuma, kidogo mbele. Maduara hayakuwepo. Mishale haikuwepo. Kizingiti kilikuwa cheupe pe, hakina hata herufi moja.

Na pale katikati alisimama mama mkwe, mikono ya gauni imekunjwa, deki mkononi, jasho usoni, amefurahi.

"Umeona, mkwe? Nikasema nisikae bure kama mgeni. Humu palikuwa na uchafu! Vumbi jeupe sakafu nzima, mafungu mafungu. Nimesugua mpaka kiuno hakina habari na mimi."

Jamani, mtu anasema nini hapo? Angekuwa mkewe wangeitana majina. Angekuwa shemeji angemfukuza na spana. Lakini huyu ni mama mkwe, na mama mkwe hafokewi, hata afanye nini. Mchora Ramani akajikaza kisabuni.

"Asante sana, mama," alisema. "Pamependeza."

Kisha akafungua mlango wa gari, akaingia, akaufunga. Akapandisha vioo vyote vinne kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Ndipo akapiga ukelele.

Mama mkwe alikuwa ameshafika jikoni. "Mkwe wangu anaimba," alimwambia binti yake aliyekuwa anaingia kutoka kazini.

Chumbani, mlango ukiwa umefungwa, mume alimsimulia mkewe kwa mnong'ono. Mkunga yule alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mto. Aliposikia habari ya spana kwenye kamba ya nguo ndiyo kabisa, machozi yalimtoka. Mumewe alimtazama tu.

"Amesema ni vumbi jeupe," alisema. "Mke wangu, ile USIFUTE ilikuwa kubwa kama kiatu changu. Nayo amesema ni vumbi."

Kicheko kikamkauka mkewe. Wakatazamana. Kila mmoja akaanza kukumbuka yake. Jumamosi, alipofika tu, mama alilisalimia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, "Hujambo baba," wakadhani anatania. Akimimina chai anaweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Na simu ikilia anawapa watu wampokelee, eti mikono ina maji.

"Haoni," mkewe akasema polepole. "Mama yangu haoni, na mimi nahangaika na watoto wa wenzangu." Akainuka. "Hakuna cha makubaliano tena. Alhamisi nitambeba mgongoni."

"Utamlazimishaje mtu jicho lake?" Mchora Ramani alimshika mkono. "Alisema likiwaka. Basi niache, litawaka."

Alisema hivyo kwa ujasiri mkubwa, kisha akageukia ukutani, akaanza kuhesabu bolti kwa vidole. Miaka yote alidhani anachokitaka kwa yule mama ni neno jema. Usiku ule aliona kwamba neno jema linaweza kungoja.

Jumatano alichukua ruhusa kazini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa gereji na rula. Maduara aliyakumbuka yalivyokaa, moja moja, maana mkono wake ulikuwa umeyachora. Lakini yaliyokuwa ndani ya maduara, ile hesabu ya ndefu ngapi na fupi ngapi, aliiachia chaki, na chaki imekwenda na maji. Mpaka saa nne alikuwa amerudisha bolti tisa, na katika hizo tisa aliziamini nne. Ya tisa iligoma katikati. Aliisukuma kidogo, ikalia kama mlango mbovu. Akaacha, akakaa chini kwenye sakafu safi, akashika kichwa.

Mama mkwe alimkuta hivyo, alipomletea chai.

"Mbona kimya? Jana uliimba."

"Naendelea, mama."

"Unaendelea na nini? Nimesimama hapa muda, sijasikia spana." Akaweka kikombe juu ya rafu, akayapapasa makopo, akakuta moja limemwagwa juu ya gazeti na bolti zimelazwa safusafu na rula kando yake. Vidole vyake vikapita juu ya rula, vikatulia. Yule mama hakuwa mjinga. "Mkwe. Nimekukosea?"

Mchora Ramani alifungua mdomo aseme hapana. Halafu akaona kwamba uongo wa adabu ndio uliowafikisha hapo.

"Lile halikuwa vumbi, mama. Ilikuwa chaki. Nilikuwa nimeandika kila bolti inakokwenda."

"Sakafu nzima?"

"Sakafu nzima."

"Na pale mlangoni, pale palipokuwa na uchafu mwingi kuliko kote?"

"Pale niliandika USIFUTE."

Mama mkwe akaanza kucheka. Alicheka kwa nguvu, akashika rafu asianguke, na katikati ya kicheko sauti ikamgeuka. Alivuta kigoda kwa mguu, akakaa karibu na gurudumu la mbele.

"Sioni, mwanangu," akasema. "Mwaka wa nne huu. Miaka miwili ya mwisho nilishona kwa vidole tu, na wateja walidhani nafumba macho kwa kusinzia. Binti yako... lo, hata maneno yanapotea. Mke wako sikumwambia. Angenileta hapa na asinirudishe."

Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu. Mchora Ramani alilisikia neno hilo, akaliweka moyoni.

"Najua mlango ulipo kwa sababu ya mwanga wake," mama aliendelea. "Najua nguo nyeupe na nyeusi. Kidogo hicho nimekizoea. Wakinigusa wakakizima nacho, je? Naogopa. Sasa umejua, nenda kamwambie."

Mchora Ramani angeweza kumwambia habari za madaktari na dawa za siku hizi, lakini hakuzijua vizuri, na mkewe alikwisha kuzisema zote.

"Mimi hili gari nilianza kulisikia linaumwa miaka mitatu iliyopita," alisema. "Kila asubuhi naongeza maji, nafunga boneti, najiambia halina neno, ni joto kidogo tu. Niliogopa kufungua. Niliogopa nikifungua sitaweza kufunga."

"Ikawaje?"

"Likaungua, mama."

Nje mtu alipita na mkokoteni wa maji, magurudumu yakilia. Halafu mama mkwe akanyoosha mkono.

"Nipe kopo la kwanza."

"Mama?"

"Nipe kopo, bwana. Unadhani niliziokota kama kuku anavyodonoa? Nilianzia mlangoni nikazunguka kwa mkono wa kulia, fungu kwa fungu. Na kila fungu nililipapasa kwanza nijue nimeshika nini. Vifungo vya sare ni hivyo hivyo, usipovijua kwa kidole unampelekea mtoto shati lenye vifungo vya kaka yake. Fungu la mlangoni lilikuwa na chuma kizito chenye mabawa kama feni."

"Pampu ya maji!" Mchora Ramani alisimama mara moja.

"Sijui jina lake. Lilikuwa na tano. Tatu ndefu, mbili fupi, na moja ya zile fupi imeliwa kichwa." Vidole vikaingia kopo la kwanza, vikachezacheza, vikatoka na mbili. Kopo la tatu, mbili. La tano, ile iliyoliwa kichwa. "Hizi hapa. Shika."

Mchora Ramani alichukua chaki, akapiga magoti mlangoni, akachora duara la kwanza pale pale lilipokuwa. Bolti tano zikaingia ndani. Akasogea, akachora la pili.

"Hapa je, mama? Hatua mbili kutoka mlangoni, upande wa ukuta."

"Hapo palikuwa na kitu kipana kama sinia, kimetobolewa pembeni. Sita. Ndefu mbili, za wastani tatu, na fupi moja ambayo niliidhania mtoto."

Wakaenda hivyo, yeye akijua mahali, mama akijua kilichokuwepo. Palipokuwa na shaka, mama alichomoa sindano ya kufumia kwenye mkoba wake, akaitumbukiza ndani ya tundu la injini mpaka ikagota, akaibana kwa ukucha pale ukingoni, akaipima na bolti. Zikilingana ndiyo, zisipolingana siyo. Rula ikawekwa kando kwa heshima. Alipofika kwenye ile ya tisa iliyogoma, aliishika kichwa tu.

"Nani kaweka hii hapa?"

"Mimi."

"Itoe kabla sijakasirika."

Katikati ya kazi, mkono ukiwa ndani ya kopo, mama mkwe alisimama ghafla. "Unajua nikinyamaza sasa hivi, nimeshinda? Ijumaa niko kwangu."

"Najua, mama."

"Na bado unaniuliza za pembeni zilikuwa ngapi."

"Nakuuliza kwa kuwa unajua."

"Nne," akasema kwa hasira, akambandika bolti kiganjani. "Nne, na wosha mbili mbili. Shika, maneno yako mengi."

Saa nane mchana yalikuwa yamebaki maduara mawili. Mchora Ramani alikuwa amechoka, ana grisi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa na furaha ambayo hakuikumbuka tangu alipokuwa kijana. Alipopita na chaki yake karibu na kigoda alichokalia mama mkwe, wazimu kidogo ukamwingia. Akakizungushia kigoda duara, taratibu, na mama mwenyewe yuko juu yake. Akaandika ndani yake maneno matatu, kwa herufi kubwa.

"Unaandika nini hapo miguuni kwangu?" mama aliuliza.

"Idadi, mama."

"Idadi ipi? Hapa sikuokota kitu."

"Ya jumla," alisema, akajifanya kukohoa.

Saa kumi na moja mkewe aliporudi kazini aliwakuta wote wawili wanamimina oili, mmoja ameshika chupa, mwingine ameshika faneli na kutoa amri. Aliwaangalia, akaangalia sakafu, akaamua kutouliza. Maji yakajazwa kwenye rejeta. Mkanda ukakazwa. Mchora Ramani akaingia ndani, akapiga moyo konde, akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata mkwaruzo haukusikika.

Akajaribu tena. Kimya. Kupitia kioo alimwona mama mkwe ameinua uso, anasikiliza, na usoni pake hapakuwa na ushindi. Alikuwa amefadhaika kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa.

"Betri," mkewe akasema.

"Betri nzima, niliichaji."

"Nzima, ndiyo. Lakini iko kule jikoni, mezani."

Kweli bwana, betri ilikuwa mezani, imepanguswa, imefunikwa kitambaa. Mama mkwe aliiosha Jumanne pamoja na vitu vingine. Waliibeba, wakaifunga, na Mchora Ramani akazungusha ufunguo mara ya tatu. Mgonjwa alikohoa. Akakohoa tena, akatetemeka, halafu akaunguruma mpaka mabati ya banda yakajibu. Moshi ulitoka mweupe, ukapungua, ukaisha. Waliliacha liungurume nusu saa nzima. Halikuchemka, halikuvuja, na kifuniko cha oili kilipofunguliwa oili ilikuwa oili.

Mama mkwe aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, akiisikiliza injini kwa mkono.

"Basi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida yake. "Yamekwisha. Nipigieni pasi gauni la kijani." Kisha akamtafuta binti yake kwa mkono, akamwambia yote.

Alhamisi alikaa kiti cha mbele na kuongea njia nzima, kama watu wanavyoongea wakiwa na hofu. Alisema kiti kinabana, akasema breki kali, akasema barabara zamani zilikuwa nzuri. Mlangoni pa chumba cha upasuaji binti yake alitaka kumshika, lakini yeye alikuwa tayari ameng'ang'ania mkono wa shati la mkwe wake.

"Wewe usiende mbali," alimwambia.

Hakwenda mbali. Alikaa kwenye benchi, akachora ramani ya korido ile nyuma ya bahasha, milango kumi na sita na ndoo mbili za taka. Lilifanywa jicho la kulia kwanza. Ijumaa bandeji ilitolewa, na mama mkwe alipomwona daktari alisema, "Kumbe una mvi! Ningejua nisingesumbua watu." Nyumbani alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akamgusa uso, akalia, wakalia wote. Halafu akamgeukia mkwe wake. "Na wewe umekonda. Huli?"

Jumapili asubuhi Mchora Ramani alikuwa wodini, kichwa ndani ya boneti, akiangalia kama maji yamepungua. Hayakupungua. Alisikia hatua, akainua macho. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini na miwani yake myeusi, ameinamisha uso, anaangalia sakafu.

Moyo ukamlipuka. Duara! Siku nne limekaa pale, na yeye amelipita kila siku kama asiyeliona. Aliangaza kutafuta kitambaa, deki, chochote, lakini mama alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita duara la pampu, akalipita la kifuniko, akisoma majina kwa sauti ya chini. Alifika kwenye kigoda. Akavua miwani.

"Ki-fa-a mu-hi-mu," alisoma, polepole, kidole kikifuata herufi hewani. "Ki-si-po-te-e."

Mchora Ramani alitamani sakafu impokee. "Mama, nisamehe, ule ulikuwa utani tu. Ngoja nilete maji nifute sasa hivi."

Mama mkwe alisoma tena kutoka mwanzo, safari hii kwa mkupuo, bila kidole. Akakisogeza kigoda kwa mguu mpaka kikakaa katikati ya duara sawasawa, akakaa juu yake, akakunja mikono.

"Acha hapo hapo," alisema. "Atakayepiga deki humu ndani atanitambua."